Mzinga wa Babu

Mshona magodoro wa mtaa huu alifariki Jumatano, tarehe 17 Aprili 2019. Tarehe hiyo imechongwa kwenye jiwe la kaburi lake, na anayetaka anaweza kwenda kuisoma. Mwaka wa kuzaliwa haukuchongwa. Wanawe waliubishania, kila mmoja akiwa na wa kwake, mpaka mchonga mawe akawaambia kwamba ana kazi nyingine zinamngoja, wakaona bora nafasi ibaki wazi.

Mengine ya maisha yake hayana ubishi. Kwa zaidi ya miaka hamsini alishona magodoro ya sufi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, akiwa amekaa chini, miguu kainyoosha, mkononi sindano ndefu kama kiganja, na pembeni donge la nta la kulainishia uzi. Sufi ilimganda kwenye nywele na nyusi, kiasi kwamba hata picha za ujana wake zinamwonyesha kikongwe. Sufi iliingia kwenye chai, kwenye kitana, kwenye redio. Redio yenyewe ilikohoa kabla ya kusoma habari. Tena bibi huyu alikuwa na hadithi moja ya vita, na kwa ajili ya hadithi hiyo mtaa mzima ulimwita Bibi Mzinga.

Hadithi ilikwenda na kazi. Mteja aliyeleta kitambaa cha godoro alikaribishwa kwenye kigoda karibu na mlango, na kabla sufi haijafika nusu, Bibi alikuwa ameshafika vitani.

“Mume wangu alikwenda vita ile kubwa,” alianza, akivuta uzi. “Hakwenda kwa kupenda, alikwenda kwa kupendwa. Waliyapenda mabega yake. Wakampeleka milimani, baridi inakata masikio. Siku moja kamanda akamtazama juu mpaka chini, akamwambia, wewe, lete mzinga. Wanaume wengine pale wakaanza kutazama viatu vyao. Mume wangu akajitwika begani peke yake, akateremka nao. Kufika katikati ya kambi, mzinga ukapasuka.”

Hapo alinyamaza na kutafuta sindano, ingawa ilikuwa mkononi.

“Mlio wake hujawahi kuusikia, na usiombe. Kambi nzima ilitawanyika. Wenye nyota mabegani na wasio na hata kifungo, wote walitimua mbio. Wengine walijitosa mtoni na buti zao. Aliyebaki amesimama pale pale ni mmoja tu, na huyo ndiye aliyerudi akanioa.”

“Hakuumia?” mteja aliuliza. Wote waliuliza.

“Hakuumia wapi? Mwili mzima matundu. Walikaa naye mchana kutwa, wanamchomoa kwa kibano.”

“Na huyo kamanda?”

“Kamanda alivimba. Yule mtu alivimba, asikwambie mtu. Kesho yake akaamuru mume wangu arudishwe kwao mara moja, tena kwa gari.”

Mteja alitikisa kichwa, akaondoka na godoro. Wengine walirudi kabla ya wakati wakisema limebonyea, na Bibi, bila kuligusa, aliwaambia wakae.

Aliyeichukua hadithi hiyo na kuivalisha magwanda ni mtoto wake wa kwanza. Huyu huitwa Meja, na hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa mkuu wa walinzi wa kiwanda cha sabuni hadi alipostaafu. Hutembea kama kwamba kuna mtu nyuma yake anamhesabia hatua, na chakula hukitazama kwanza, kana kwamba anakikagua. Kiwandani, mlinzi mpya alisimuliwa habari ya mzinga kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Katika maelezo ya Meja mzinga ulikuwa na magurudumu makubwa kuliko mtu, na mdomo ambao mtoto angeweza kulala ndani. Mama yake alipomsikia akieleza hivyo, alisema tu, “Ehe,” na kupaka uzi nta.

Meja aliwahi kumuuliza, zamani, akiwa mtoto, maadui walikuwaje.

“Wadogo,” mama yake alimjibu. “Weusi weusi. Wana hasira, na hawaji mmoja mmoja.”

Mtoto akaenda shule, akafungua ramani, akatafuta nchi ya watu wa namna hiyo mpaka akaipata. Nchi hiyo hajaisamehe hadi leo. Timu ya mpira ya nchi hiyo ikicheza na yeyote, Meja yuko na yeyote.

Kulikuwa na mambo kuhusu Babu ambayo familia nzima iliyajua. Alichechemea mguu wa kushoto mpaka alipokufa. Hakuruhusu asali iingie nyumbani, hata mtoto akikohoa vipi. Nyuki mmoja akipita uani, mzee aliacha alichokuwa akifanya, akaingia ndani na kufunga mlango. Meja alikuwa na maelezo ya yote. Mguu ni wa mzinga. Asali ilimkinaisha jeshini kwa kulishwa kila siku. Na mlio wa nyuki, alisema kwa sauti ya chini inayostahili jambo kama hilo, ulimkumbusha ndege za kivita. Watu waliinamisha vichwa. Babu mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, na yakifika mazungumzo ya vita hata hayo machache aliyameza.

Katika wajukuu kuna mmoja anaitwa Gani. Hilo ni jina alilopewa na Bibi. Ni binti wa mdogo wake Meja, na ana duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya sokoni, lenye kaunta ya mabati na mizani ya misumari. Mtu akiingia dukani kwake akasema “Nipe bomba,” huulizwa, “Bomba gani?” La maji safi, la maji taka, la kupulizia dawa, la kutilia upepo baiskeli? Akisema msumari, huulizwa msumari gani, na akisema rangi, basi mtu huyo atafute pa kukaa. Hakuanzia dukani. Akiwa mtoto akiambiwa baba yake amekwenda kwa mjomba, aliuliza mjomba gani, na alikuwa na mjomba mmoja. Meja huona tabia hiyo ni utovu wa adabu. Wateja wake, waliokwisha kurudi nyumbani na kitu sicho kutoka maduka mengine, wameizoea.

Mwaka mmoja kabla Bibi hajafariki, Gani alikwenda kumtungia uzi, kazi aliyokuwa akiifanya kila Jumapili tangu macho ya Bibi yalipoanza kuona sindano mbili. Mteja alikuwa kwenye kigoda, na hadithi ilikuwa imefika mtoni, kwenye buti. Gani alikuwa ameisikia tangu hajaota meno ya mbele. Lakini juzi yake mtu mmoja alikuwa ameingia dukani akitaka waya wa kuning’inizia mzinga, na yeye, kama kawaida yake, alikuwa ameuliza. Neno lilikuwa bado limo kichwani. Mteja alipoondoka na godoro lake, Gani alisema:

“Bibi, mzinga gani?”

“Mzinga gani nini?”

“Huo wa Babu. Mzinga gani?”

Bibi aliukata uzi kwa meno. Alitazama mlangoni kuhakikisha mteja ameshapinda kona. Kisha akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu tumbo, mpaka sufi ikaruka chumba kizima.

“Miaka yote hii,” alisema, “watu wamekaa hapo kwenye kigoda, walimu, madaktari, mpaka hakimu alileta godoro lake. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza.”

“Kwa hiyo ni gani?”

“Wa nyuki, mjukuu wangu. Kwani jeshi lile lingempa babu yako mzinga wa baruti? Walikuwa hawamwamini hata na chumvi.”

Ikatoka yote. Babu alikuwa msaidizi wa mpishi, na hata huko alikwisha kuhamishwa kutoka kwenye chungu kupelekwa kwenye kuni. Kamanda alishikwa na kikohozi cha baridi, akataka asali. Babu akaambiwa apande mlimani kwa wafuga nyuki akaombe kibuyu kimoja. Akaona aibu kuomba, maana lugha ya huko hakuijua, akabeba mzinga mzima, gogo zima, na wenyewe ndani wamelala kwa baridi. Alipoufikisha kambini akauweka karibu na moto ili asali ilainike.

“Wakaamka,” Bibi alisema.

“Na gogo likapasuka.”

“Likapasuka. Sasa mimi nimesema uongo wapi? Nimesema mzinga ulipasuka. Nimesema walikimbia. Kamanda alivimba, uso kama godoro jipya. Kila neno ni la kweli. Baruti wameitia wenyewe.”

“Na Babu mbona hakukimbia?”

“Angekimbiaje? Mguu ulinasa kwenye kamba ya hema. Alivuta, akavuta, mpaka ukateguka. Huo ndio mguu wa vita.”

Gani alilazimika kuweka sindano chini. Walipomaliza kucheka, aliuliza kwa nini basi Baba Mkubwa aliachwa na magurudumu yake.

Bibi alipangusa macho kwa ncha ya khanga. Alisema Meja alipokuwa na miaka saba alirudi kutoka shule analia, kwa sababu wenzake walikuwa wakimfuata nyuma wakiiga mwendo wa baba yake, mstari mzima unachechemea. Bibi akamwambia, kawaambie baba yangu aliumia vitani, aliumia kwa mzinga. Mtoto akaenda akasema hivyo. Jioni alirudi kichwa juu, kifua mbele. “Na tangu siku hiyo,” Bibi alisema, “hajakiteremsha. Ningemwambia lini? Nilisubiri akue. Akakua, akapata kazi ya kusimama langoni. Nikasubiri aoe. Akaoa, akamsimulia mkewe kabla hata ya posa. Mtu akishajenga ghorofa, utamwendea useme msingi ni wa nyuki?”

“Basi nami ninyamaze?”

“Sikukwambia unyamaze. Sikukwambia useme.” Alichukua sindano. “Ila jambo moja. Huyo mjomba wenu wa magwanda namjua. Mimi nikifa atataka kuniwekea mzinga juu ya kaburi. Ule wa magurudumu. Usikubali. Hapa duniani nimeuvumilia, lakini kule nitalala ubavuni kwa babu yako, na yule atanicheka mpaka mwisho wa dunia. Umenisikia?”

“Baba Mkubwa si mjomba, Bibi.”

“Ndio maana nikakuita Gani. Umenisikia?”

Gani alimwambia amesikia.

Bibi alifariki kama alivyoishi, kazini. Godoro la mwisho lilikutwa limeshonwa pande tatu, na Shangazi, binti yake pekee, alilimalizia upande wa nne kwa machozi na mishono mirefu kupita kiasi. Jiwe likachongwa, tarehe ikaandikwa, nafasi ya kuzaliwa ikaachwa wazi. Kisha Meja akaita kikao nyumbani kwa marehemu, katika chumba kile kile cha mbele. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, mgongo wima, akatoa hoja: juu ya kaburi lijengwe umbo la mzinga, kwa simenti, kwa heshima ya mama aliyeihifadhi historia.

“Bibi hakupenda makuu,” Gani alisema.

“Mzinga si makuu. Mzinga ni historia.”

“Lakini kwa mwanamke, Baba Mkubwa? Mzinga kwenye kaburi la mshona magodoro?”

“Jina lake lilikuwa nani?” Meja aliuliza kikao kizima.

“Bibi Mzinga,” kikao kikajibu kwa pamoja, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Gani angeweza kusema kweli palepale. Midomo ilikuwa tayari. Lakini alimtazama baba yake mkubwa. Tangu astaafu, Meja alikuwa amepungua. Koti la kiwanda, lenye vifungo vya shaba ambavyo bado alivisugua kila Jumamosi, lilikuwa limeanza kumvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Mke wake alikuwa ametangulia. Walinzi aliowafundisha walikuwa wakimpita barabarani bila kumjua. Kilichokuwa bado kinamnyoosha mgongo, kwa kadiri Gani alivyoweza kuona, ni gogo moja la wadudu. Angemwangushaje mbele ya wadogo zake? Kwa upande mwingine kulikuwa na mwanamke chini ya udongo aliyeuliza mara mbili kama amesikika.

“Wewe ndiye mwenye simenti,” Meja alimwambia. “Kazi hii nakukabidhi. Mwambie fundi: mzinga. Asikosee.”

“Nimwambie hivyo hivyo?”

“Hivyo hivyo. Neno moja.”

Gani aliondoka kikaoni akiwa na matumaini kidogo. Bibi alikuwa amepita maisha yake yote kwa neno hilo moja, bila kusema uongo na bila kumvunja mtu. Labda na yeye angepita. Angemwambia fundi “mzinga,” amwachie mwenyewe, na lolote litakalojengwa liwe ni la fundi.

Fundi wa makaburi huitwa Taratibu, kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuikimbiza, na wateja wake hawana haraka. Gani alimkuta kivulini mwa ukuta wa makaburi, anachekecha mchanga.

“Fundi, lile kaburi la Bibi, wanataka juu yake mzinga.”

Taratibu aliendelea kuchekecha. Alimwaga kokoto pembeni, akagonga chekecheo, akainua uso.

“Mzinga gani?”

Gani alikuwa ameliuliza swali hilo maisha yake yote, na hakuwahi kusimama upande huu wa kaunta.

“Kwani kuna mingapi?” alijaribu.

“Dada, wewe ukimuuliza mtu bomba gani, naye akujibu kwani kuna mangapi, utamuuzia? Uliniuliza mimi maswali manne juu ya koleo.”

“Mzinga tu, fundi.”

“Mzinga tu haujengwi.”

Gani akakaa juu ya mfuko wa simenti aliouleta mwenyewe. Aliona kwamba ujanja wa Bibi ulifaa kwa watu wasiouliza, na kwamba yeye amempata fundi mzuri kuliko inavyofaa. Halafu akasema, “Wa nyuki,” na maneno hayo yalipotoka alijisikia mwepesi na mwoga kwa pamoja. Lakini akaongeza haraka: “Wa gogo. Ulaze, usiusimamishe. Mviringo mrefu, na tundu moja mwishoni. Hivyo tu, fundi. Usiweke madoido.”

Hapo ndipo alipokuwa ameficha akili yake. Mzinga wa gogo ukilazwa, ukapigwa lipu vizuri, mtu akiwa mbali kidogo ataona mdomo na kiwiliwili. Atakayetaka baruti ataitia mwenyewe. Bibi atakuwa na wake, Meja atakuwa na wake, na simenti itakuwa ileile.

“Wa gogo naujua,” Taratibu alisema, na uso wake ukachangamka kwa namna ambayo ingemwogopesha Gani kama angeitazama vizuri. “Baba yangu alikuwa nayo sita. Niachie mimi.”

Kazi ilichukua muda wake. Jumamosi moja asubuhi familia ikaenda kulitazama kaburi. Meja alitangulia akiwa na koti la vifungo vya shaba, nyuma yake Shangazi na mwavuli, nyuma yake ndugu wengine na watoto wao, na mwisho kabisa Gani. Walipopinda kwenye safu ya makaburi ya familia, Meja alisimama ghafla na msafara wote ukamgonga mgongoni.

Juu ya kaburi la Bibi, wa kijivu, mrefu, mviringo safi, ulikuwa umelala mzinga. Kutoka pale waliposimama haukuwa na dosari. Mdomo wake mweusi uliuangalia ukuta.

Meja alipiga saluti. Gani alishusha pumzi ambayo alikuwa ameizuia tangu kikao kile.

Wakasogea. Meja akazunguka upande mmoja, akazunguka upande wa pili.

“Magurudumu yako wapi?”

“Labda yamezama ardhini,” Gani alisema. “Kwa uzito.”

“Mh.” Meja aliinama kuutazama mdomo. “Na hili tundu mbona dogo? Hapa hata yai halipiti.”

“Ni mizinga ya zamani, Baba Mkubwa.”

Meja alikuwa anaelekea kuridhika. Lakini mtoto mmoja wa ndugu, aliyekuwa amepita upande wa nyuma, aliita: “Shangazi, njoo uone. Kuna nzi.”

Hawakuwa nzi. Walikuwa watatu, wa simenti, wakubwa kama vidole gumba, wamebandikwa juu ya gogo kwa ustadi mkubwa: mabawa yamechorwa mishipa, miguu imekunjwa, na tumbo la kila mmoja limekatwa mistari kwa ncha ya msumari. Mmoja alikuwa ameinua kichwa kama anayesikiliza.

Taratibu alitokea nyuma ya ukuta, mikono imejaa vumbi, akitabasamu kwa haya.

“Hao nimewaongeza kwa mapenzi yangu,” alisema. “Dada alisema nisiweke madoido, lakini mzinga wa nyuki bila nyuki, nafsi yangu ilikataa.”

“Mzinga wa nini?” Meja aliuliza.

“Wa nyuki, mzee.”

“Nani kasema wa nyuki?”

Taratibu alimtazama Gani. Wote wakamtazama Gani. Gani alitazama tarehe ya jiwe, ambayo haikumsaidia.

“Mimi, Baba Mkubwa,” alisema. “Bibi aliniambia. Nilimuuliza mzinga gani, akasema wa nyuki.”

Aliyeanza ni Shangazi. Kwanza alitoa mlio mdogo, kama birika linaloanza kuchemka. Kisha akafunga mwavuli na kuuegemea.

“Wadogo,” alisema. “Weusi weusi.”

“Wewe dada,” Meja alisema.

“Wana hasira. Hawaji mmoja mmoja.”

“Nimesema wewe dada.”

“Wakamchomoa kwa kibano, kaka. Mchana kutwa. Tumekuwa tukidhani ni vyuma.” Akajipangusa macho. “Na kamanda akavimba. Mungu wangu, kamanda kumbe alivimba kwelikweli.”

Ndugu wengine walijaribu kujizuia kwa sababu ya mahali. Mmoja alijifanya anafunga kamba ya kiatu na akabaki chini huko huko. Watoto, ambao hawakuelewa lolote, ndio walioangua kicheko, kwa kuwa wakubwa walikuwa wanakijaribu.

Meja hakucheka. Alikwenda akakaa kwenye ukingo wa kaburi la pili, la Babu, mikono juu ya magoti, na mgongo wake, labda kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka saba, ulipinda. Alikaa akizitazama buti zake. Gani alimfuata akachuchumaa mbele yake. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kwa hili hakujiandaa.

“Ndege za kivita,” Meja alisema baadaye. “Mimi ndiye niliyesema zile ndege za kivita. Mzee alikuwa amekaa hapo hapo, ananisikia.”

“Alisemaje?”

“Aliniangalia. Akasema, ‘Zilikuwa nyingi.’”

Gani aliuma mdomo.

“Nimewaambia walinzi,” Meja alisema. “Nimewaambia vijana wote wale. Magurudumu, mdomo, kila kitu. Nimeisema kwenye harusi yangu.” Alisugua kifungo kimoja cha koti kwa kidole gumba. “Sasa niambie jambo moja, na uniambie kweli. Kambi nzima ilikimbia?”

“Ilikimbia.”

“Na kamanda?”

“Alikuwa wa kwanza mtoni.”

“Na Baba? Hakukimbia?”

Gani aliiona kamba ya hema, wazi kabisa, kana kwamba ilikuwa imefungwa pale pale kwenye mguu wa jiwe. Alimtazama Meja. Hakutazama upande wa kaburi la Bibi, kwa sababu alijua kabisa nani alikuwa amenyamaza huko, akitafuta sindano iliyo mkononi.

“Hakukimbia, Baba Mkubwa. Alisimama pale pale.”

“Nyuki wote wale.”

“Wote wale.”

Meja alitikisa kichwa polepole. “Mzinga wa baruti,” alisema, “ukipasuka umepasuka. Huna la kufanya. Lakini nyuki, mtu ana nafasi ya kukimbia. Kila mtu ana nafasi.” Alifikiri zaidi. “Nyuki ni kazi kubwa zaidi.”

Akasimama. Mgongo ulirudi mahali pake, kifundo kwa kifundo. Alilivuta koti, akauendea mzinga, akauzunguka tena, safari hii kama mtu anayekagua gwaride, na alipofika kwa yule nyuki aliyeinua kichwa, akasimama na kumtazama uso kwa uso.

“Huyu ana nidhamu,” alimwambia Taratibu. “Hao wengine wawili wamelegea.”

“Nitawarekebisha, mzee.”

“Na tundu halielekei sawasawa. Limeelekea ukutani. Mzinga hauelekezwi ukutani, uwe wa nini au wa nini.”

“Uelekee wapi?”

“Langoni. Wanakoingilia watu.”

Shangazi alimuuliza atawaambia nini sasa wale walinzi wake.

“Nitawaambia nilivyowaambia siku zote,” Meja alisema. “Mzinga. Atakayeuliza mzinga gani, nitamtuma dukani kwa huyu.”

Jumatatu Taratibu atarudi na mtaimbo na vijana wawili wa kumsaidia kuugeuza. Nyuki watapakwa rangi ya njano na nyeusi; Gani ndiye atakayeitoa dukani, na ameshamuuliza Meja njano gani.